Baruti gani kwa vichwa vya risasi nilivyosubu mwenyewe?

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Houston, Texas. Nina bastola mbili, moja ya silinda ya .38 Special na nyingine ya magazini ya 9 mm. Tangu mwaka jana nasubu vichwa mwenyewe kwa vizani vya kubalansi magurudumu na kujaza maganda gerejini. Jirani alinipa kopo la baruti iitwayo Titegroup, ndiyo natumia kwa zote mbili. Moshi ni mwingi, na mtutu wa .38 unabaki na michirizi ya risasi ambayo kuitoa ni kazi ya nusu saa. Nikachanganya madini ya linotype (yale ya herufi za mitambo ya zamani ya uchapaji) ili vichwa viwe vigumu, michirizi ikazidi. Je, nibadili baruti? Nichukue ipi? Pia nimeuziwa vifaa vya marehemu fulani, na ndani yake mna chupa ya baruti isiyo na lebo. La mwisho: mjomba wangu Tabora ana gobore. Nikienda likizo naweza kumpelekea baruti kidogo?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na majibu mafupi, maana najua watu wa gerejini hawana subira. Kwa .38 nunua HP-38, au Unique kama hujali masizi kidogo. Titegroup yako ibakishe kwa 9 mm, na uitumie baada ya kubadili namna unavyopaka vichwa. Michirizi haikuletwa na baruti, au tuseme baruti ni shahidi tu, mhalifu ni mwingine. Chupa isiyo na lebo imwage leo. Kuhusu mjomba, hapana, na nitakueleza kwa nini hapana hiyo ni mara mbili.

Kabla ya kuendelea tuelewane kwa maneno. Kiswahili kimetupa jina moja kwa vitu viwili: risasi ni madini, na risasi ni kile kinachopigwa. Kwa hiyo hapa "risasi" nitaliachia madini. Kile kipande kinachoruka nitakiita kichwa, shaba inayokibeba nitaiita ganda, na kile kidude cha kitakoni kinachowasha moto ni fataki. Kiasi cha baruti kinachotiwa kwenye ganda moja nitakiita mzigo. Vipimo vya baruti ni kwa greni, na greni 7,000 ndiyo ratili moja.

Tuanze na michirizi, kwa sababu ukinunua baruti mpya leo bila kuitibu, utaniandikia tena mwezi ujao na swali lilelile.

Wengi hudhani risasi inabaki mtutuni kwa kuwa kichwa ni laini, kama sabuni inavyobaki kwenye dodoki. Ndiyo maana ulikimbilia linotype. Ukweli ni kwamba mara nyingi risasi hubaki kwa sababu gesi ya moto inapenya kati ya kichwa na ukuta wa mtutu, ikikikata kichwa pembeni kama mwali wa kuchomelea na kuimwaga ile risasi iliyoyeyuka mbele yake. Dawa ya gesi ni kuziba njia. Kuna namna mbili za kuziba: kichwa kiwe kipana vya kutosha tangu mwanzo, au shinikizo lisukume kitako chake kitanuke kijae mtutu.

Namna ya pili ndiyo uliyoiharibu kwa linotype. Kuna hesabu ya mkono ambayo wasubuji wameitumia kwa miaka mingi: chukua ugumu wa kichwa kwa kipimo cha Brinell, zidisha kwa 1,422, unapata takriban shinikizo, kwa ratili kwa inchi ya mraba, linaloanza kukitanua. Si sheria ya fizikia iliyokamilika, ila inatosha kukuonyesha njia. Vizani vya magurudumu vina ugumu wa 12 hivi. Mara 1,422 ni kama 17,000. Sasa angalia: kikomo cha juu kabisa cha .38 Special ya kawaida, kwa viwango vya Marekani, ni hizo hizo 17,000. Mzigo wako wa kulenga shabaha bila shaka uko chini ya hapo. Maana yake hata kabla hujaongeza kitu, kichwa chako kilikuwa tayari kigumu kuliko kinavyohitajika. Linotype tupu ina ugumu wa 22 hivi. Ukichanganya nusu kwa nusu unafika 16 au 17, na hapo .38 yako haina nguvu ya kukitanua. Gesi ikapita ilivyotaka.

Kwa hiyo rudi kwenye vizani vitupu, hata punguza ugumu kwa kuongeza risasi laini kidogo na bati kiasi cha asilimia moja au mbili ili kalibu ijae vizuri. Linotype iweke. Ni mali, na siku utakapopata .357 Magnum, yenye shinikizo kubwa kuliko .38, utaikumbuka. (Na hivyo vizani, vichambue. Vingi vya siku hizi ni zinki au chuma, kwa kuwa majimbo kama California na Washington yamepiga marufuku vya risasi. Zinki huyeyuka karibu nyuzi 420 za Selsiasi na risasi 327, basi ukilinda chungu kisizidi 380 utaona zinki ikielea, uiteke kwa mwiko kabla haijaharibu chungu kizima.)

Lakini namna ya kwanza ya kuziba, upana, ndiyo bora. Pima. Chukua kipande cha risasi laini, kipake mafuta, kipitishe mtutuni kwa kijiti na nyundo ndogo, kisha upime mahali palipo papana zaidi kwa maikromita. Mtutu wa .38 kwa kawaida ni inchi .357, na kichwa kinatakiwa kiuzidi kwa elfu moja au mbili za inchi, yaani .358 au .359. Halafu, hapa ndipo wenye bastola za silinda hukosea, pima pia koo za silinda, zile tundu sita za mbele. Chukua kichwa kimoja ukisukume kwa kidole kutoka nyuma. Kikipita kwa kusukumwa kidogo, vizuri. Kikidondoka chenyewe, kichwa ni chembamba. Kikikataa kabisa, koo ni nyembamba, na koo ikiwa nyembamba kuliko mtutu itakibana kichwa kabla hakijafika mtutuni, kifike kimeshakonda. Hapo hakuna baruti duniani itakayokusaidia, ni kumpelekea fundi wa silaha azipanue.

Haya, sasa baruti yenyewe.

Ili uelewe kwa nini .38 ina ugumu wake, kumbuka ilizaliwa 1898 na ilibuniwa kwa ajili ya baruti nyeusi, greni 21 hivi. Baruti nyeusi ni ndugu wa ile ya gobore: hulijaza ganda, hutoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Muda mfupi baadaye baruti isiyo na moshi ikachukua nafasi yake, na hiyo ina nguvu nyingi kwa uzani mdogo. Ganda likabaki lilelile. Kwa hiyo mzigo wa leo wa greni tatu, nne au tano unakaa kwenye chumba kilichojengewa ishirini na moja. Ni kama mtu mmoja kulala kwenye bweni.

Nafasi hiyo tupu inaleta mambo mawili. La kwanza ni dogo: baruti huhamahama. Ukiinamisha bastola kisha ukainyanyua taratibu, baruti imelala mbele karibu na kichwa, mbali na fataki. Ukiielekeza juu kwanza, imelala nyuma. Kwa baruti nyingine mwendo wa kichwa unatofautiana kwa makumi ya futi kwa sekunde kati ya hali hizo mbili. Ukiwa na kipima mwendo jaribu mwenyewe, piga tano huku, tano kule. Titegroup haisumbuki sana na jambo hili, na ni sifa yake ya kweli.

La pili ni kubwa, na ndilo kigezo changu cha kwanza ninapomchagulia mtu anayeanza. Nafasi tupu inaficha makosa. Kuna kipimo maarufu mno cha washindani wa shabaha Marekani: greni 2.7 za baruti iitwayo Bullseye nyuma ya kichwa bapa cha greni 148. Sikutajii ili ukaandike daftarini, vipimo utavitoa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Nakitaja uone udogo wake. Ratili moja ya Bullseye kwa kipimo hicho inajaza maganda zaidi ya 2,500, ndiyo maana wabahili tunaipenda. Lakini ganda la .38 linaweza kumeza kipimo hicho mara mbili, hata mara tatu, na bado kichwa kikakaa juu yake vizuri kabisa. Huoni kitu, wala mkono hausikii tofauti. Ile ya mara tatu inaweza kupasua silinda.

Titegroup iko kwenye kundi hilohilo. Ni nzito kwa ujazo, mzigo wake ni kijidudu kilichojificha kitakoni mwa ganda. Ndugu yangu, kwa mtu wa mwaka mmoja, kwenye .38, sipendi. Jirani alikupa kwa moyo mweupe, na baruti yenyewe si mbaya, ila haisamehi.

HP-38 ni tofauti. Ni chembe za duara zilizobondwa bapa, zinapita kwenye kipimio, kile kifaa cha kumiminia baruti kwenye ganda, kama mchanga mkavu, kila mara kiasi kilekile. Mzigo wake unajaza ganda zaidi kidogo kuliko Titegroup, na ukipita na tochi juu ya maganda hamsini yaliyopangwa kwenye kibao, lile lililopewa mara mbili linajitangaza. Siri ambayo si siri: HP-38 ya Hodgdon na Winchester 231 ni baruti ileile kwenye makopo mawili. Dukani nunua iliyo rahisi zaidi siku hiyo.

Unique ni mzee. Ilitoka 1900, kampuni ya Laflin & Rand, leo inauzwa na Alliant. Ni vibapa vikubwa, vyepesi, vinajaza nafasi, kwa hiyo kosa linaonekana mapema zaidi. Hasara zake: vibapa vikubwa havipitii kipimio kwa usawa kama chembe ndogo, na kwa mzigo mdogo huungua vibaya ukabaki na masizi na vipande. Ni baruti ya mzigo wa kati kwenda juu. Elmer Keith, yule mfugaji wa Idaho aliyevipa vichwa vya kusubu heshima yake, kwa mizigo mikubwa alipenda baruti iitwayo 2400. Hiyo ni ya Magnum, usiiguse kwa .38 ya kawaida. Sababu nitakuonyesha sasa hivi.

Baruti za taratibu huhitaji shinikizo ili ziungue. Ukizitia kwenye mzigo mpole, nusu inatoka mtutuni ikiwa bado chembe. Kwenye bastola ya silinda, ukitoa maganda huku mtutu umeelekea chini, chembe hizo huangukia chini ya ile nyota inayoyasukuma nje. Nyota hairudi mahali pake, silinda haifungi au haizunguki, na wewe unadhani bastola imeharibika kumbe ni punje tatu za baruti. Elekeza mtutu juu kabisa unapotoa maganda. Na ukisikia habari za baruti ya H110, au Winchester 296 ambayo pia ni ileile, kumbuka watengenezaji wake wanaonya usiipunguze chini ya vipimo vyao: ikipungua huwaka ovyo na inaweza kuacha kichwa katikati ya mtutu. Watu wengi wanajua kwamba kuzidisha ni hatari. Kwamba kupunguza nako kuna chini yake, wachache.

Trail Boss je? Utaisikia ikisifiwa, na kwa haki. Chembe zake ni kama vitumbua vyenye tundu katikati, nyepesi sana, zilitengenezwa kwa ajili ya vichwa vya risasi vyenye mwendo mdogo kwenye maganda makubwa ya kale. Ganda linajaa, kosa halina pa kujificha. Shida ni kwamba miaka ya karibuni imekuwa adimu kama kweli ya mwanasiasa. Ukiikuta kwa bei ya kawaida, nunua. Usiisubiri. Na N320 ya VihtaVuori kutoka Finland ni safi, inapita vizuri kwenye kipimio, ila bei yake itakufanya uhesabu upya kwa nini ulianza kusubu vichwa vyako mwenyewe.

Nisikudanganye kwamba nimesoma haya yote vitabuni. Karibu miaka 25 iliyopita, gerejini kwangu Pennsylvania, nilikuwa najaza maganda moja moja: natia baruti, naweka kichwa, nachukua lingine. Simu ikalia. Niliporudi nikaendelea na ganda nililodhani nimeshalitia baruti. Wiki iliyofuata, uwanjani, badala ya mlio nikasikia "puu" ya kinyonge. Fataki peke yake ilikuwa imekisukuma kichwa kikaingia nusu mtutuni, nusu kimebaki kwenye silinda, na silinda ikagoma kuzunguka. Hiyo ndiyo bahati yangu. Kingeenda sentimita mbili mbele zaidi, silinda ingezunguka, ningevuta tena, na kichwa cha pili kingekigonga cha kwanza. Mtutu hutuna kama koo la chura. Tangu siku ile natia baruti maganda yote hamsini kwenye kibao, nachukua tochi, naangalia kila moja, ndipo naweka vichwa. Simu inabaki jikoni. Na uwanjani, mlio ukiwa wa ajabu, nasimama, natoa maganda yote, natazama mtutu.

Turudi kwa moshi. Moshi mwingi kwenye vichwa vya kusubu ni wa nta na mafuta uliyopaka, baruti ina sehemu ndogo. Lakini baruti huchangia kwa joto. Bullseye na Titegroup zina nitrogliserini juu ya nitroselulosi, mwali wake ni mkali. Mwali mkali unakaanga nta iliyoko kitakoni mwa kichwa. Kama unapaka ile ya kienyeji ya nta ya nyuki na Alox (mafuta ya kulainishia) nusu kwa nusu, punguza: vijifereji vijae, kitako kiwe kikavu kabisa. Hapo tu moshi utapungua. Ukitaka uishe karibu wote, acha nta, vipake rangi ya unga na uvioke kwenye oveni ndogo kwa nyuzi 200 kama dakika ishirini. Oveni hiyo isiwe ya jikoni na isirudi jikoni milele. Vichwa vyenye rangi huvumilia mwali wa Titegroup vizuri, na ndiyo maana nilisema kopo lako uliwekee 9 mm.

Kuhusu 9 mm yenyewe sina mengi, maana hukulalamika michirizi huko, ila jambo moja litakuja kukuuma. Ganda la 9 mm ni la 1902, lilibuniwa kwa baruti isiyo na moshi, kwa hiyo ni dogo na shinikizo lake ni kubwa, kikomo 35,000, mara mbili ya .38. Udogo huo unakulinda: Unique kwa vipimo vya kawaida vya vitabu, ukiitia mara mbili inafurika mezani. Titegroup mara mbili inaweza kuingia bado, kwa hiyo tochi haistaafu. Udogo huohuo unakudhuru pia. Ukikizamisha kichwa ndani zaidi ya ilivyoandikwa, hata kidogo, chumba kinapungua na shinikizo linaruka. Tena ganda la 9 mm lina kuta nene, na vifaa vingi vya kupanulia mdomo wake vimepimwa kwa vichwa vilivyovishwa shaba vya .355. Kichwa chako cha .356 au .357 kikisukumwa humo hubanwa na ganda lenyewe. Kabla hujajaza mia, jaza kimoja kisicho na fataki wala baruti, king'oe kwa nyundo ya kung'olea, ukipime. Kikitoka kimekonda, kifaa cha kupanulia ndicho cha kubadili. Na kama hiyo bastola ni Glock yenye mtutu wake wa asili wa pembe nyingi, mtengenezaji mwenyewe anakataza vichwa vya risasi tupu. Kuna wanaotumia vilivyopakwa rangi. Mimi ningenunua mtutu mwingine.

Vipimo vitoe kwenye data ya vichwa vya risasi, si ya vilivyovishwa shaba, hata kama uzani ni sawa. Anzia chini, panda polepole. Ukibadili fataki, kichwa, au hata kopo la baruti la toleo jingine, rudi chini uanze tena. Data usiichukue kwa mtu yeyote wa mtandaoni, na mimi nimo humo.

Sasa hiyo chupa. Najua unaona uchungu kutupa, na labda umeshaifananisha kwa macho na Unique kwa sababu ina vibapa. Baruti mbili zinaweza kufanana kama mapacha na moja ikawa ya bunduki ya marisau na nyingine ya bastola. Hakuna kipimo cha nyumbani kinachozitofautisha. Tena yule mzee huenda alichanganya mabaki. Ukiifungua ikanukia ukali kama asidi, au ukaona vumbi la rangi ya kutu, imeoza na inaweza kuwaka yenyewe. Lakini hata ikinukia vizuri, jibu ni lilelile. Itawanye kidogokidogo juu ya nyasi ua wa nyuma, imwagilie maji. Ina naitrojeni, nyasi zitafurahi. Usiichome ndani ya chombo kilichofungwa. Na za kwako zisitoke kwenye makopo yake ya asili. Baruti ikilala ndani ya kipimio, kesho hukumbuki ni ipi. Kanuni za moto zinazofuatwa sehemu nyingi Marekani zinaruhusu nyumbani hadi ratili 20 kwenye makopo ya asili, ila mtu mwenye bastola mbili akifika hapo ana ugonjwa mwingine.

Nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, vua viatu vya gerejini mlangoni, na vumbi la mashine ya kung'arisha maganda ulitolee nje. Risasi kwenye chungu haivuki mvuke wa kutisha kwa joto tulilotaja. Inaingia mwilini kwa vumbi na vidole. Kama una watoto wanaotambaa nyumbani, nguo za gerejini zisikutane na zao kwenye mashine ya kufulia. Mwambie daktari akupime risasi kwenye damu mara moja kwa mwaka. Ni tone la damu tu.

Neno la sheria, kwa sababu wasomaji wetu huko wako katika hali tofauti. Kujaza maganda kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu ya Marekani. Ukianza kuwauzia wenzako wa uwanjani, hata kwa bei ya bia, unahitaji leseni ya mtengenezaji wa risasi za kupigwa, ile ya aina ya 06. Na mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi za kupigwa, isipokuwa wachache, kama wenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hana tatizo hilo. Hukuniambia uko kundi gani, basi jiulize mwenyewe.

Na mjomba. Hapana ya kwanza ni ya sheria: baruti hairuhusiwi kwenye ndege, iwe mkononi au kwenye mzigo wa chini, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 na Sheria ya Baruti vilevile. Utashikwa kabla hujaunusa moshi wa Tabora.

Hapana ya pili ndiyo nzito. Gobore hushindiliwa baruti nyeusi kwa makadirio, kiganja au kifuniko, na huvumilia kwa sababu baruti nyeusi ina nguvu ndogo kwa ujazo wake na mtutu wa gobore umezoea hivyo. Mjomba akipewa Titegroup ataishindilia kwa kiganja kilekile alichozoea, kwani macho yatamwambia ni unga tu, tena mdogo. Kiganja kile ni mizigo kadhaa ya kupasua chuma, na uso wake uko sentimita chache nyuma ya chuma hicho. Hata "kidogo tu" haipo, maana hakuna kipimo salama cha baruti isiyo na moshi kwenye gobore. Kama una nia ya kumletea kitu cha porini, mletee tochi nzuri ya kichwani.

Ukishapima, niandikie namba tatu: upana wa mtutu wa .38, upana wa koo za silinda, na upana wa kichwa ulichoking'oa kutoka ganda la 9 mm. Kama koo ni nyembamba kuliko mtutu, usinunue hata HP-38 kwanza. Hela hiyo mpe fundi.